Fimbo ya mbali Tunduma

Saa mbili asubuhi Tunduma ni saa moja tu Nakonde, kwani Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Dereva wa lori la transiti analijua hilo. Wakala wake wa forodha, aliyeketi Dar es Salaam zaidi ya kilomita 900 kutoka hapo, alisahau, akampigia simu kuuliza mbona hajavuka.

Kufanya kazi kwa mbali huzungumzwa kana kwamba kulizaliwa na Korona, tena kwa ajili ya wenye laptopu na viti vya kuzunguka. Hapa mpakani kulitangulia. Mamlaka ya Mapato, TRA, ilipoanza kutumia mfumo wa forodha wa TANCIS mwaka 2014, nyaraka za mzigo zikawa zinaingizwa popote penye intaneti. Kwa upande wa makaratasi ufanisi umepanda, na anayebisha hakuwahi kuzunguka na bahasha.

Lakini Oktoba 2019, mifumo ikiwa tayari ipo, Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walifungua hapa kituo cha pamoja ili maofisa wa nchi mbili wakae jirani. Serikali zenyewe ziliona kuna jambo kompyuta hailimalizi.

Jambo lenyewe ni dogo. Uzito kwenye nyaraka haulingani na wa kontena. Aliyeko Dar angerekebisha mara moja kama angeambiwa. Anayelijua ni kijana wa ofisi yake hapa mpakani anayekimbia dirisha hadi dirisha, ambaye huenda hata hayumo kwenye grupu la WhatsApp la mabosi. Lawama humfika kwanza, sifa zikaishia Dar. Mtu wa namna hiyo atajituma hadi lini?

Umbali huwachosha hata wa maofisini. Mchumi Nicholas Bloom na wenzake waliwapima wapokea simu wa kampuni ya usafiri ya Ctrip, China, waliofanyia kazi nyumbani. Utendaji ulipanda kwa asilimia 13, ila takriban nusu yao walipopewa nafasi ya kuchagua walirudi ofisini. Upweke uliwashinda. Nao walikuwa na vitanda vyao.

Dereva ana kabini. Gari lake ni nukta kwenye simu ya bosi, na nukta haisemi kama amelala usiku au amekesha akilinda dizeli. Leo nukta imesimama tangu alfajiri. Pembeni ya tairi, kwenye jiko la mkaa, maji ya ugali yameanza kuchemka.