Vipokea Sauti vya Masikioni: Kipi Bora?

Vipokea sauti vya masikioni vimekuwa chombo cha askari na pia starehe ya mpenzi wa muziki. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliviuzia jeshi la wanamaji.

Leo vile vya bei kubwa hushindaniwa kwa utamu wa sauti. Sennheiser HD 600 viko wazi mgongoni: muziki huenea kwa upana, lakini kelele za nje huingia. Beyerdynamic DT 770, vya Ujerumani, vimefungwa: huzuia kelele hizo.

Kipi bora? Ndugu askari, maumbo ya masikio hutofautiana, na ladha vilevile. Ila tahadhari: chenye sauti kubwa zaidi hudhaniwa kuwa bora. Linganisha kwa wimbo mmoja na kiwango kimoja cha sauti, bila kutazama jina.

Tena, mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na aghalabu huharibu kwanza usikivu wa sauti nyembamba. Asiyeziba masikio uwanjani mwa shabaha ataviona vipokea sauti vya thamani vimefifia. Akiongeza sauti, ajizidishia madhara. Vifaa hununuliwa, masikio hayauzwi dukani.