Mwili Kuitika Si Kukubali

Nimeulizwa tena, safari hii na mchungaji: "Kama uume wake ulisimama, alibakwaje?" Hata wauguzi wenzangu huuliza swali hilo. Nimechoka nalo, kwa sababu mwanamume anayelisikia hubaki nyumbani hadi muda wa dawa za kuzuia VVU unampita.

Kusimama kwa uume huweza kuendeshwa na neva za uti wa mgongo bila hiari ya mtu. Aliyevunjika uti, asiyehisi chochote kuanzia kiunoni, huweza kusimamisha akioshwa tu. Hofu kali yenyewe huweza kuleta hali hiyo, na tezi dume ikikandamizwa shahawa huweza kutoka. Vumbi likiingia jichoni machozi hutoka. Nani atasema mtu huyo ana huzuni? Wapo wabakaji wanaolijua hili, nao humlazimisha mtu asimamishe au atoe shahawa makusudi ili ajione mshiriki na anyamaze. Ukiuliza swali lile, unawamalizia kazi.

Na msiniambie ni jambo la nadra. Katika utafiti wa mashariki ya Kongo uliochapishwa mwaka 2010, asilimia 23.6 ya wanaume walisema wamewahi kutendewa ukatili wa kingono. Sheria yetu ya Kongo ya Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inamlinda mwanamume pia.

Hapa Minova tunajua gharama ya ushahidi haba. Baada ya askari waliokimbia Goma kubaka watu hapa Novemba 2012, askari 39 walishtakiwa. Mwaka 2014 wachache mno walipatikana na hatia ya kubaka.

Basi, ukibakwa, njoo kituo cha afya ndani ya saa 72: dawa za kuzuia VVU, za siku 28, hazisubiri. Utapewa pia chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda, na dawa za magonjwa ya zinaa. Kabla ya kuja usioge, usifue nguo ulizovaa. Zianike kivulini, uzitie kwenye mfuko wa karatasi, maana ndani ya plastiki zitaota ukungu. Umeshaoga? Saa zimepita? Njoo vilevile, hata kabla ya kwenda polisi. Damu kwenye mkojo au choo, itaje. Hospitali ya Panzi, kule Bukavu, hupokea wanaume pia.

Wauguzi wenzangu, ombeni ruhusa kabla ya kila mguso, andikeni maneno yake kama alivyoyasema. Wengi hawana kidonda. Hapo andikeni "hakuna jeraha lililoonekana", kamwe msiandike "hakubakwa".