Kifaranga Aliyeshindwa Kusimama



Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, mjukuu wetu alitujia amemfumbata kifaranga katika upindo wa buibui lake. Sisi twaishi Umoja, huku Eastlands ya Nairobi, katika nyumba ya ghorofa ambayo ua wake hauzidi upana wa mikeka miwili. Vifaranga wetu sita wa kienyeji tuliwaweka chini ya ngazi. Watano walikuwa wakidona vyema. Huyu wa sita, mwenye umri wa majuma mawili na siku kadhaa, alikalia visigino, vidole vimejikunja ndani kama ngumi, na akitaka kwenda alijikokota kwa mabawa.

Ushauri haukukawia. Jirani mmoja alisema achinjwe, ilhali nyama yake isingejaza kiganja. Mwengine, kwa nia ya kutuepusha na hasara, alisema auzwe pamoja na wenzake kabla mnunuzi hajang'amua. Mjukuu wetu akauliza neno moja tu: "Babu, amekosa nini?"

Tulitahayari. Katika lugha yetu, kukosa ni kutenda kosa, na kukosa ni kupungukiwa na kitu. Kifaranga hakutenda kosa lolote. Basi alipungukiwa na nini, na ni nani aliyempunguzia?

Tuliangalia sahani yake. Tangu tumnunue, alikula makombo ya wali mweupe yaliyobaki kwetu na katika shughuli za majirani. Hapo tulikumbuka kisa cha daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, aliyekuwa kisiwani Java mwishoni mwa karne ya 19 akitafuta sababu ya beriberi, maradhi yaliyolemaza miguu ya watu. Kuku wa maabara yake walianza kulegea miguu, kisha wakapona ghafla. Ilibainika kwamba walipougua walikuwa wakilishwa wali wa mchele uliokobolewa, uliotoka jikoni mwa hospitali. Mpishi mpya alipokataa kuutoa, wakarudishiwa mchele usiokobolewa, nao wakasimama. Kisa hicho kilifungua njia ya kuzijua vitamini, na mwaka 1929 Eijkman alishiriki Tuzo ya Nobel. Kuku hao walipungukiwa na vitamini B1. Vidole vinavyojikunja ndani, kama vya kifaranga wetu, aghalabu ni dalili ya upungufu wa B2, ambayo nayo ni haba katika wali mweupe.

Hata hivyo, si kila mguu dhaifu una sababu moja. Kifaranga aliyelelewa juu ya karatasi laini au sakafu ya vigae huteleza hadi miguu ikapanuka kando. Asiyepata jua wala chakula kilichokamilika, mifupa yake huwa laini. Mguu mmoja ukinyooka mbele na mwengine nyuma, hasa kwa kuku aliyepita mwezi mmoja, hofu ni ugonjwa wa Marek, unaoitwa hivyo kwa József Marek, tabibu wa mifugo wa Hungaria aliyeueleza mwaka 1907. Huo hauna dawa. Kinga yake ni chanjo anayopewa kifaranga siku ya kuanguliwa, basi ulizeni kabla ya kununua. Na wakiugua wengi kwa pamoja, wakipinda shingo, wakihema kwa shida na kuharisha kijani, huenda ni mdondo. Mwiteni afisa wa mifugo upesi, wala msimuuze wala kumgawa hata mmoja.

Sisi tulimtenga kifaranga katika katoni yenye maranda ya mbao, ili asikanyagwe na wenzake na miguu ipate kushika. Maji na chakula tuliviweka karibu na mdomo wake, kwani wengi wa namna hii huuawa na kiu na njaa kabla ya ugonjwa wenyewe. Wali tuliuacha, tukanunua chakula maalumu cha vifaranga, tukaongeza sukuma wiki iliyokatwa ndogo ndogo, na unga wa vitamini wa kuku katika maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Chakula cha kuku wa mayai hatukumpa, kwa kuwa chokaa yake ni nyingi mno na huharibu figo za mdogo. Wala hatukumpasulia vidonge vya binadamu, kama wafanyavyo wengi. Kila asubuhi mjukuu alimtoa juani kidogo, kisha akanawa mikono kwa sabuni.

Siku ya tisa alisimama. Kidole kimoja kingali kimepinda, naye huchechemea akiitwa kula. Hatudai kujua ni lipi hasa lililomwinua, maana tulibadilisha mengi kwa wakati mmoja. Tulijualo ni kwamba wenzake watano nao walikuwa wakila wali uleule, na pengine udhaifu wake umewaokoa.

Lau asingeinuka, akawa hali wala hanywi, tungemchinja kwa kisu kikali na kwa haraka, maana kumwacha afe pole pole kwa njaa si huruma. Na lau tungetaka kumuuza, ingetulazimu kumwonyesha mnunuzi mguu wake kwanza. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, iwe ni ngamia au ni kifaranga wa kiganjani, na sheria yetu haikuweka kiwango ambacho chini yake hila huwa halali.

Mnyama tuliyemfungia ndani hawezi kwenda kujitafutia. Riziki yake imepita mikononi mwetu. Basi, mama, ukimwona wako amelegea, kabla hujakitafuta kisu, angalia kwanza sahani yake, sakafu yake na jua lake. Watoto nao wanatutazama, wakijifunza kwetu namna ya kumtendea aliye dhaifu, nasi tu wazee tutakaolegea miguu siku moja.