Vitamini katika chakula cha samaki: Wa kidimbwini ana nafuu, wa kizimbani hana

MFUGAJI wa samaki anapokwenda dukani kununua chakula, swali lake la kwanza huwa ni bei, na la pili ni kiwango cha protini. Ni nadra kumsikia akiuliza kuhusu vitamini. Hata hivyo, ni upungufu wa viini hivi, ambavyo vingi vyake hupimwa kwa miligramu katika kila kilo ya chakula, unaoweza kumwachia samaki wenye vibyongo ambao hakuna mchuuzi atakayewataka.

Je, ni mfugaji yupi anayelazimika kugharimia vitamini, na ni yupi anayeweza kuiepuka gharama hiyo? Jibu linategemea zaidi mahali samaki anapofugiwa.

Tuchukue mfano wa vitamini C. Ng'ombe, mbuzi na kuku hujitengenezea vitamini hii mwilini. Binadamu hawezi, na ndiyo sababu mabaharia wa kale waliokaa miezi kadhaa bila matunda wala mboga waliangamia kwa kiseyeye. Tilapia, ambaye wengi wetu humwita ngege, pamoja na kambare, wamo katika kundi letu. Miili yao haina kimeng'enya cha kuikamilisha kazi hiyo, hivyo sharti waipate katika chakula.

Vitamini C huuwezesha mwili kutengeneza kolajeni, protini inayoshikanisha mifupa, ngozi na kuta za mishipa ya damu. Inapokosekana, uti wa mgongo hupinda, damu huvuja kwenye mapezi na chini ya ngozi, vidonda hukawia kupona na samaki hudumaa. Mfupa ukishapinda, kuongeza vitamini baadaye hakuunyooshi.

Nchini Marekani, mtafiti R. T. Lovell alichapisha mwaka 1973 matokeo ya uchunguzi wake kuhusu kambare wa huko waliofugwa vizimbani. Wale waliolishwa chakula kisichoongezwa vitamini C walikua polepole na kupata ulemavu wa uti wa mgongo.

Mbona basi wafugaji wengi wa vidimbwi hawajawahi kuliona tatizo hili? Kidimbwi kilichotiwa samadi huota vijimea na kuzaa vijidudu vidogo vya majini, ambavyo ni ghala la vitamini. Tilapia huvichuja majini na kuvila mchana kutwa. Isitoshe, bakteria walio tumboni mwake humtengenezea vitamini B12. Kwa hiyo, samaki wasiposongamana, pumba za mchele, mashudu na unga wa omena huweza kuwa nyongeza tu ya kile ambacho maji yenyewe yanatoa.

Wakenya wengi waliingia katika ufugaji kwa njia hiyo mnamo 2009, serikali ilipozindua mpango wa kufufua uchumi uliolenga kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 yaliyochaguliwa. Tangu hapo, ufugaji wa vizimbani umeenea katika Ziwa Victoria, kwenye kaunti kama vile Siaya, Homa Bay, Kisumu na Busia. Kizimbani, maelfu ya samaki hubanana ndani ya wavu unaoelea. Vijidudu vinavyopita humo havitoshi kuwalisha wote. Mfugaji anayehamisha mapishi ya kidimbwini na kuyapeleka kizimbani huwa amewanyima samaki wake vitamini bila kujua. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaofuga katika matangi ya saruji au ya plastiki yenye maji yasiyo na vijimea.

Wanaojichanganyia chakula nyumbani nao wajihadhari na mtego mmoja. Baadhi hununua mchanganyiko wa vitamini uliotayarishwa kwa ajili ya kuku. Kwa kuwa kuku hujitengenezea vitamini C, mara nyingi mchanganyiko huo hauna vitamini hiyo kabisa, na samaki hubaki na upungufu ule ule.

Hata kama imetiwa, vitamini C ya kawaida ni dhaifu. Joto, unyevu, mwanga na hewa huiharibu, na sehemu kubwa yake hupotea chakula kinapotengenezwa kwa mvuke. Viwanda vingi hutumia aina iliyofungamanishwa na fosfati, ambayo hustahimili zaidi. Vitamini E nayo huisha upesi mafuta ya chakula yanapochacha. Hivyo basi, chakula kikirundikwa miezi mingi chini ya paa la mabati, yale yaliyoandikwa kwenye gunia huenda yasiwemo tena ndani yake. Magunia yawekwe juu ya mbao, mahali pakavu penye hewa na kivuli, na yatumike ndani ya miezi mitatu hivi tangu kutengenezwa.

Hata hivyo, si kila kibyongo hutokana na ukosefu wa vitamini. Kuzalisha samaki wa ukoo mmoja, maradhi na majeraha pia huweza kupindisha mgongo. Wala kumimina vitamini kwa wingi si dawa, kwani vitamini A na D zikizidi hurundikana mwilini na kudhuru. Mfugaji anayeona dalili hizi amwite afisa wa uvuvi kabla ya kutumia fedha.

Mwenye kidimbwi chenye maji ya kijani na samaki wachache anaweza kuelekeza shilingi zake kwenye samadi na vifaranga bora. Mwenye kizimba au tangi hana hiari hiyo. Kabla ya kulipia gunia, aulize maswali matatu: limetengenezwa lini, ni la samaki wa aina gani, na lina vitamini C ya namna gani. Muuzaji asiyeweza kuyajibu, bei yake iwe nafuu vipi, huenda anauza hasara.