Besi nzito haihitaji mkono mzito

Kidole gumba kimevimba, kifundo cha mkono kinauma hadi asubuhi, na bado gitaa la besi halitoi ile sauti ya kugonga uliyoisikia kwenye simu. Kama hayo yanakuhusu, msomaji wangu wa Rusimbi au kwingineko, makala ya leo ni yako.

Mtindo tunaouzungumzia ni slapu. Mpigaji anagonga uzi mnene kwa ubavu wa kidole gumba, kisha anaudonoa uzi mwembamba kwa kidole cha shahada au cha kati ili urudi na kulia "tak" juu ya vyuma vya shingo ya gitaa. Masikio ya Kigoma hayaishangai sauti hiyo, maana sebene za Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zina wapigaji besi wanaojua kugonga. Kilicho kigeni kidogo ni kuipeleka kwenye metali, muziki wa magitaa yenye mkwaruzo na ngoma za kasi. Waliofanya hivyo na kujulikana duniani ni pamoja na Fieldy wa Korn, Les Claypool wa Primus na Robert Trujillo, aliyejiunga na Metallica mwaka 2003. Karibu na sisi, Nairobi imetoa bendi kama Last Year's Tragedy na Duma. Albamu ya Duma ya mwaka 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Kijana anayeanza husikia muziki huo na kuamini kwamba sauti ya hasira inatoka kwenye mkono wenye hasira. Hapo ndipo maumivu yanapoanzia.

Ilianza kwa upungufu

Slapu yenyewe haikuzaliwa kwa ubabe. Miaka ya 1960 huko California, Marekani, kijana Larry Graham alikuwa akipiga muziki na mama yake. Walipobaki bila mpiga ngoma, Graham alianza kugonga nyuzi kwa kidole gumba ili kuziba pengo la ngoma kubwa, na kuzidonoa ili kuziba pengo la ngoma ndogo. Baadaye aliipeleka mbinu hiyo kwenye bendi ya Sly and the Family Stone.

Metali nayo ina historia inayofanana. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwandani Birmingham, Uingereza, ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ambao ndio aliokuwa akibania nyuzi kwa kuwa ni shoto. Alijitengenezea vikofia vya plastiki vya kuvaa vidoleni na kutafuta nyuzi nyembamba. Baadaye alizilegeza pia, zikatoa sauti ya chini na nzito, na sauti hiyo ikawa msingi wa metali nzima.

Kwa hiyo mbinu zote mbili unazotaka kuziunganisha zilitoka kwa watu waliotumia akili pale nguvu zilipokosekana.

Kinachoumia ndani ya mkono

Misuli inayotembeza vidole vyako iko zaidi kwenye mkono wa mbele, kati ya kiwiko na kifundo. Inavivuta vidole kwa kano, kama kamba zinazopita ndani ya ala nyembamba. Ukirudia mjongeo mmoja maelfu ya mara, huku umekaza mkono na kifundo kimepinda, kano husuguana na ala zake na kuvimba.

Kwa mpiga slapu, sehemu ya kwanza kulalamika mara nyingi ni upande wa kifundo ulio chini ya kidole gumba. Jipime hivi: kunja kidole gumba ndani ya kiganja, fungia vidole vingine juu yake, kisha pinda kifundo taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali upande wa gumba ni dalili kwamba kano za hapo huenda zimevimba. Hicho si kipimo cha mwisho, lakini ni sababu tosha ya kupumzika.

Tatizo la pili ni mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo. Ukibanwa, unapata ganzi kwenye gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kile cha pete, mara nyingi usiku.

Kumbuka pia kwamba mkono huo huo una kazi nyingine. Kama mchana unaendesha bodaboda, unavuta nyavu za dagaa au unabeba mizigo, kano zako zinafika kwenye mazoezi zikiwa zimeshachoka. Ukiumia, utakaa bila besi na bila riziki.

Gonga, kisha ondoka

Anza na mkanda. Wapiga metali wengi hupenda gitaa lining'inie hadi mapajani, na linapendeza kwenye picha. Lakini likishuka hivyo, kifundo kinapinda sana. Kaa kwenye kiti, weka gitaa pajani, kisha funga mkanda ili ukisimama libaki pale pale. Gitaa la besi huweza kufika kilo 4 au zaidi, kwa hiyo mkanda mpana utaokoa bega lako.

Mjongeo wa slapu utoke kwenye kuzungusha mkono wa mbele, kama unavyozungusha ufunguo mlangoni. Kidole gumba hakikunjwi wala hakisukumwi, kinabebwa tu. Gonga kwa mfupa wa ubavuni, karibu na mwisho wa shingo, pale vyuma vinapoishia, maana hapo uzi hulia vizuri kwa kipigo kidogo. Kikishagusa, kiondoke papo hapo. Kikibaki juu ya uzi kinaizima sauti, nawe utadhani hukugonga vya kutosha na kuongeza nguvu bure.

Kwenye kudonoa, ingiza ncha tu ya kidole chini ya uzi. Ukiingiza kidole kizima utauvuta kama unang'oa msumari, na malengelenge yatakuja. Yakija, usiyapasue, osha kwa sabuni, funika, pumzika.

Anza kwa mapigo 60 kwa dakika. Pasha mikono moto dakika 5, piga dakika 20 hadi 25, pumzika 5. Ongeza muda kidogo kidogo wiki hadi wiki, na usiruke kutoka nusu saa hadi saa 3 kwa sababu tamasha linakaribia.

Jambo moja huwaumiza wengi bila kujua: mazoezi wakati umeme umekatika. Gitaa la umeme bila amplifaya halisikiki, hivyo unapiga kwa nguvu mara mbili na mkono unazoea vibaya. Gusisha ubavu wa gitaa kwenye meza au kabati la mbao. Mbao itatetemeka pamoja na gitaa, nawe utasikia vya kutosha bila kujiumiza.

Toni nzuri ni kinga

Nyuzi zilizochakaa hazina mlio, na mpigaji hujaribu kufidia kwa mkono. Zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza. Kama huna fedha ya nyuzi mpya, zifungue, zichemshe kwenye maji safi kwa dakika 10 na uzikaushe vizuri. Mlio utarudi kwa muda. Ukinunua, seti nyembamba ya 40 hadi 95 inahitaji nguvu kidogo kuliko ile ya kawaida ya 45 hadi 105. Mwombe fundi pia azishushe nyuzi zikaribie vyuma vya shingo. Hapo mguso mdogo utatoa ule mlio wa chuma unaoutaka.

Kwenye amplifaya, wengi hupandisha besi na trebo, kisha huua kabisa sauti za kati. Ukiwa peke yako chumbani inapendeza. Magitaa yenye mkwaruzo yakiingia, besi inamezwa, nawe unaongeza sauti. Mpiga gitaa naye anaongeza, mpiga ngoma anapiga kwa nguvu zaidi, na kila mtu anaondoka masikio yakilia. Punguza za kati kidogo tu, na ubakize zile za hezi 700 hadi 1,000. Ndizo zinazofanya besi itambulike bila kupigiwa kelele. Kama mna kompresa, itasawazisha mgongo wa gumba na mdonoo ili usilazimike kukaza mkono. Mkwaruzo uchanganye na sauti safi, usije ukala uzito wa chini.

Masikio hayana spea

Kipimo kinachotumika sana kulinda masikio ya wafanyakazi kinaruhusu desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Bendi ya metali ndani ya chumba kidogo cha ukuta wa saruji na paa la bati hufika 100 bila taabu. Seli za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa, hazioti tena. Lars Ulrich, mpiga ngoma wa Metallica, amesema hadharani kwamba masikio yake yana mlio usiokoma.

Inueni amplifaya juu ya kiti na kuielekeza usoni, badala ya kuiacha ipige miguu yenu huku mkilalamika hamsikii. Itoeni kwenye kona, kwa sababu kona huvimbisha besi. Tundikeni mapazia mazito na mikeka ukutani. Vaeni vizibo vya masikio. Pamba ya kawaida au karatasi ya chooni haizuii kelele hizo vya kutosha. Pumzikeni nje kila baada ya muda.

Umwone daktari lini?

Maumivu mapya ya mkono hutulia mara nyingi kwa kupumzika siku kadhaa na kukanda kwa kitambaa cha maji baridi dakika 10 hadi 15. Usikubali mtu auvute au kuusugua kwa nguvu mkono uliovimba. Usimeze dawa ya maumivu ili umalizie onyesho, kwa sababu inazima kengele tu huku nyumba ikiendelea kuungua. Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu waulize kwanza kabla ya kutumia ibuprofeni au diklofenaki.

Nenda kituo cha afya kama maumivu yamezidi wiki 2, ganzi inakuamsha usiku, unaangusha vitu, au mkono umekuwa mwekundu na wa moto. Mlio wa masikio usiokwisha baada ya siku 2 nao unahitaji kuangaliwa. Sikio likizima ghafla, usisubiri hata kesho. Matibabu ya mapema ndiyo yenye nafasi nzuri. Kwa wakazi wa Kigoma, wahudumu watakupa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, ikihitajika. Mweleze daktari wazi kwamba unapiga besi, kwa saa ngapi, na kazi gani nyingine unafanya kwa mikono.

Leo jioni, kabla ya mazoezi, fanya jaribio moja. Piga mstari wako mgumu kwa nusu ya nguvu uliyozoea, na upandishe amplifaya kidogo. Jirekodi kwa simu, kisha usikilize. Kama sauti ni ile ile, au ni nzuri zaidi, basi ile nusu nyingine ya nguvu ilikuwa inaumiza mkono wako bure.