Usimpelekee Mthai Rungu

Msafiri anayeondoka Kitengela, kaunti ya Kajiado, kwenda Bangkok, awe mwalimu anayerejea kazini baada ya likizo, mwanafunzi au mfanyabiashara wa nguo, mara nyingi hukumbuka zawadi siku ya mwisho. Hapo hunyakua kinachoonekana kwanza kibandani: rungu, sime ndani ya ala nyekundu, makubazi yenye ushanga, tembo wa mti mzito kama jiwe la kusagia. Vyote vimetengenezwa kwa ustadi, na karibu vyote havifai. Kwa marafiki na wafanyakazi wenza wa Kithai, kinachofaa ni kitu kidogo na chepesi, kinachoweza kugawiwa ofisi nzima, na ambacho mtoaji anaweza kueleza kilikotoka na aliyekitengeneza. Vitu vya namna hiyo vimejaa Kajiado.

Nasema kidogo kwa sababu ya desturi ya wenyewe. Thailand, anayesafiri hutarajiwa kurudi na cha kuwagawia wenzake, na aghalabu huwa ni biskuti, peremende au matunda makavu ya mahali alikokwenda. Hakuna anayesubiri dhahabu. Kitu cha bei kubwa humtia mpokeaji katika deni ambalo hakuliomba, na Wathai huchukia sana kumsumbua mtu au kuonekana wamemtwika mzigo. Kwa hiyo bangili kumi za bei nafuu zina kazi kubwa kuliko saa moja ya mkononi aliyopewa mmoja, wengine tisa wakitazama. Mkubwa wa ofisi atangulie kupewa, na chake kikizidi kidogo si vibaya. Mkabidhi kwa mikono miwili, na asipofungua papo hapo usidhani amechukizwa: adabu ya kwao ni kufungua zawadi baadaye, faraghani. Hata sisi zawadi za arusi hupangwa mezani zikafunguliwa nyumbani. Tabia ya kutangaziana nani ametoa nini tumeiachia harambee.

Ushanga wa Kimaasai unalingana na desturi hii kwa njia ambayo wauzaji wengi hawaijui. Thailand kila siku ya juma ina rangi yake: Jumatatu njano, Jumanne waridi, Jumatano kijani, Alhamisi machungwa, Ijumaa samawati, Jumamosi zambarau, Jumapili nyekundu. Wathai wengi wanajua walizaliwa siku gani ya juma, na rangi ya njano huonekana kwa wingi kwa kuwa hayati Mfalme Bhumibol na mwanawe, Mfalme Vajiralongkorn, wote walizaliwa Jumatatu. Sasa fikiria mama wa Kimaasai wa Namanga au Bissil, kamwaga shanga kwenye sahani, anazidokoa moja moja kwa ncha ya sindano. Ukimwambia unataka bangili tatu za njano na mbili za zambarau, zenye mstari mweupe katikati, hiyo kwake ni kazi ya kawaida. Mwenzako wa Bangkok atapokea rangi yake, imeshonwa kwa mkono wa Kajiado. Karatasi ya kufungia tu isiwe nyeusi wala nyeupe tupu, maana hizo kwao ni rangi za msiba.

Kuna watakaopinga kwamba ushanga wenyewe si wetu. Ni kweli. Shanga ndogo za kioo zililetwa na wafanyabiashara kutoka Venice na Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, na siku hizi nyingi hutoka Uchina. Lakini malighafi kutoka mbali haibatilishi kazi ya mikono. Mpangilio wa rangi, upana wa mkufu na hafla ya kuuvaa ni elimu ya wanawake wa Kimaasai, na ndiyo unayoilipia. Asiyeridhika na jibu hilo aende Kitengela Glass, karakana iliyoanza katika makazi ya msanii Nani Croze, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Pale vioo chakavu huyeyushwa na kugeuzwa glasi, mapambo, hata shanga. Bilauri ni nzito na hatari ndani ya begi, ila shanga chache za kioo hicho haziongezi mzigo.

Wengine watasema kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hiyo inamtetea maskini asiye na kingi cha kutoa. Haimtetei mvivu wa kuuliza. Kwa Wathai mguu ndio kiungo duni kabisa na kichwa ndicho kitukufu, kwa hiyo sioni hekima ya kumpa mkuu wako wa kazi makubazi, hata yawe na ushanga wa kupendeza namna gani. Kisu huhofiwa kuwa kinakata urafiki. Sime na rungu, ukivibeba mkononi, vitaishia kwa walinzi wa uwanja wa ndege. Tembo wa mti hana ubaya, ila utakuwa unampelekea tembo mtu ambaye kwao tembo ndiye mnyama wa taifa.

Jihadhari zaidi na chochote cha mfupa au pembe, hata kama ni cha ng'ombe. Aprili 2015 maofisa wa forodha wa Thailand walinasa zaidi ya tani 3 za pembe za ndovu zilizotoka Kenya, ndani ya makontena yaliyodaiwa kubeba majani ya chai. Ofisa wa uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, ana haki ya kukitilia shaka kipuli chako cheupe. Chai yenyewe ni zawadi nzuri, kwa kuwa hugawanyika na Wathai hunywa chai nyeusi yenye maziwa. Ibebe katika pakiti za dukani zilizofungwa, zenye lebo, wala si kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Nyama, mbegu na mimea iache nyumbani.

Basi agiza mapema, wiki moja au mbili kabla ya safari, wala usimpunguzie mama bei hadi abaki na hasara. Muulize jina lake na kijiji chake, na akikuruhusu, uandike kwenye kikaratasi utakachofunga pamoja na kila bangili.