Mahadhi yanayobeba jina la aliyekupa

Pádraig O'Keeffe alirithi ualimu wa shule ya Glountane kutoka kwa baba yake. Kazi hiyo hakuipenda, na mwaka 1920 ikamtoka. Tangu hapo hadi alipofariki mwaka 1963 alizunguka kwa miguu vilima vya Sliabh Luachra, mpakani mwa Cork na Kerry kusini-magharibi mwa Ireland, akifundisha fidla nyumba kwa nyumba.

Fidla yenyewe ni hii hii ya taarab, ila kule inachezesha watu polka, jigi na rili. Mahadhi kwa kawaida ni mafupi: sehemu mbili, kila moja hurudiwa, kisha mzunguko unaanza upya. Ugumu umo katika upinde na madoido, ambayo kila eneo lina yake.

Wanafunzi wa O'Keeffe, wengi wao watoto wa wakulima, hawakujua nota. Akawabunia maandishi yake: nafasi nne kati ya mistari mitano zikawa nyuzi nne za fidla, na tarakimu ndani yake zikaonyesha kidole cha kubonyezea, sifuri maana yake uzi uachwe wazi. Wapiga kodiani aliwatungia mfumo mwingine. Karatasi ilibeba mifupa tu. Nyama mwanafunzi aliipata kwa kumtazama mwalimu mkono.

Miongoni mwao walikuwamo Denis Murphy na dada yake Julia Clifford, aliyehamia London na muziki wake. Leo polka kadhaa huitwa tu "ya Denis Murphy". Hakuzitunga yeye; jina linataja mpigaji ambaye zilipokewa kutoka mikononi mwake, mfano wa isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi.

Zipo njia nyingine za kurithisha mahadhi. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, alichapisha mwaka 1903 mkusanyo wa mahadhi 1,850. Nota hakuweza kuziandika, kwa hiyo alimpigia James O'Neill, naye askari, akaandika. Mpiga fidla Michael Coleman wa Sligo alirekodi santuri New York, na jamaa waliohamia Marekani wakazituma nyumbani Ireland. Rili ya Tarbolton na mbili alizoziunganisha nayo mwaka 1934 bado hupigwa kwa mpangilio ule ule, hata na vijana ambao hawajawahi kuisikia santuri yenyewe. Ustadi wake ulikuwa wa ajabu, lakini uliwafanya wengi waone aibu kupiga kama babu zao.

Kitabu cha O'Neill kina kila kitu isipokuwa mtu wa kumuuliza. Kwangu mimi, karatasi moja ya O'Keeffe inakishinda, kwa kuwa aliyepewa alikaa jikoni na aliyeiandika, akarekebishwa upinde papo hapo. Msomaji unayetaka kujionea, kila Julai, tangu 1973, mji wa Miltown Malbay katika Clare hufundisha kwa mtindo huo huo: mwalimu anapiga, darasa linafuata kwa sikio.